Shule za Kanisa na Wahitimu Wake (2): Sherehe Inayotangulia Mtihani

Juma lililopita tulimwacha mwanafunzi wa kidato cha kwanza getini, tranka kichwani, ndoo mkononi, mama yake akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Leo turuke miaka minne, tumtazame siku anapovishwa joho.

Kwanza kuna jambo ambalo tumelizoea mno hata hatulioni. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne Tanzania hufanyika Novemba. Mahafali hufanyika Septemba au Oktoba. Wa kidato cha sita hufanya mtihani Mei, lakini keki yao imeliwa tangu Februari, Machi au Aprili. Yaani mtoto anapongezwa, anavishwa mashada, anatunzwa noti mbele ya umati, na karatasi ya kwanza ya mtihani bado hajaiona. Mtani mmoja aliniambia kuwa ni kama kula pilau ya harusi kabla ya posa kujibiwa.

Sababu ya juujuu ni rahisi. Siku karatasi ya mwisho inapokusanywa, shule ya bweni huwa kama kiota kilichorushiwa jiwe. Kufika jioni watoto wamekwishatapakaa kwenye mabasi ya mikoani, huna wa kumpigia makofi. Kwa hiyo mkuu wa shule huwahi. Lakini sababu hiyo haitoshi kueleza kwa nini hakuna anayeona haya kusherehekea kitu ambacho hakijajulikana kitakuwaje. Ukitazama cheti anachokabidhiwa mwanafunzi siku ile, utaanza kuelewa. Si cha Baraza la Mitihani. Ni cha shule: kinasema fulani alisoma hapa, kuanzia mwaka huu hadi mwaka huu, na tabia yake ilikuwa hivi. Chenye alama hufuata baadaye, na hutolewa na watu ambao hawakuwahi kumwona. Shule inatoa ushahidi juu ya mtu, Baraza linatoa ushahidi juu ya karatasi zake.

Maneno tunayoyatumia siku hiyo nayo yana habari yake. Mahafali, kwa asili ya Kiarabu, ni mikusanyiko ya watu. Kuhitimu ni kutia muhuri, kufikisha kitu mwisho. Na katika mwambao wetu neno hilo lilikaa kwanza chuoni, kwa mtoto aliyemaliza kusoma Kurani yote mbele ya mwalimu wake. Hitima ya msibani imetoka shina hilohilo. Joho lilikuwa vazi la mwenye cheo, lenye darizi, livaliwalo juu ya kanzu. Risala ni ujumbe unaopelekwa. Shahada, ambayo wahitimu wetu huombewa waje kuipata chuo kikuu, ni neno la kushuhudia. Basi askofu anaposimama kwenye uwanja wa shule ya Kikatoliki au ya Kilutheri akasema anawapongeza wahitimu katika mahafali haya, karibu kila neno zito analotamka limepitia chuoni kabla ya kufika kanisani. Sidhani kama hilo linamtia doa. Katika viti vya wazazi huwa wamo wenye kofia za viua, maana shule nyingi za kanisa, ukiacha seminari, hupokea watoto wa dini zote, na wazazi hao wanayaelewa maneno hayo vizuri kuliko mhubiri.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, alifika Unguja, na Sultani Majid akamkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Darasa lilianza hapo. Kutokana na hao, na wengine waliookolewa baharini baada yao, kikakua chuo cha St Andrew's, Kiungani, nje kidogo ya mji. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyepita Kiungani, mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, akawatumikia watu wake huko upande wa Masasi.

Kwa vijana wale kumaliza shule hakukuhitaji maelezo. Chuo kilijua kinawapeleka wapi: kuwa mwalimu wa kijiji, katekista, mpiga chapa, shemasi. Aliyemaliza alitumwa, na jina la mahali alipotumwa lilijulikana kabla ya jahazi kung'oa nanga. Wapo walioona kutumwa huko ni kamba nyingine shingoni mwa mtu aliyekwisha kuwa mtumwa, na hoja hiyo ina uzito. Mvulana wa Kiungani hakuwa na ukoo wa kumuuliza yeye anataka nini. Ila swali la "sasa niende wapi" hakuwa nalo.

Chini ya Waingereza mambo yaligeuka polepole. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilizipa shule za misheni ruzuku, na penye ruzuku hapakosi mkaguzi. Kiungani ikahamia bara, ikawa Minaki. Mapadri Weupe wakawa na St Mary's ya Tabora. Pugu ikawa na St Francis. Mhitimu alianza kupimwa kwa mtihani uliotungwa mbali, na njia zikaongezeka: ukarani, uganga wa hospitali, Makerere kwa wachache mno. Julius Nyerere hakusoma sekondari ya misheni, alisoma Tabora ya serikali. Lakini alifundisha St Mary's kuanzia 1946 hadi 1949, kisha akafundisha Pugu, hadi 1955 alipotakiwa achague siasa au ualimu. Jina la Mwalimu alitoka nalo kwenye madarasa ya kanisa.

Na ni serikali yake yeye, Mkatoliki wa kwenda misa, iliyokuja kuyachukua madarasa hayo. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa 1967 ulilaumu shule zilizomtenga kijana na jamii yake na kumfanya ajione ameokoka na jembe. Sheria ya Elimu ya 1969 ikafuata, na shule za misheni zikawa mali ya umma. Watakatifu wakashuka kwenye mabango: St Francis ikabaki Pugu tu, St Andrew's ikabaki Minaki. Marian College ya masista wa Maryknoll kule Morogoro ikawa Kilakala. Hapo ndipo aliposoma Getrude Mongella, yule ambaye mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Dunia wa Wanawake, Beijing. Kanisa likabakiwa na seminari zake. Kwa miaka mingi baadaye, ukisikia mhitimu wa shule ya kanisa, mara nyingi alikuwa mseminari. Na wengi wao hawakufika upadri, wakaishia kwenye ofisi za serikali wakiwa na Kilatini kidogo na mazoea ya kuamka alfajiri.

Milango ilifunguliwa tena katika miaka ya 1980 na 1990. Mwaka 1992 serikali na makanisa, kupitia Baraza la Maaskofu na Jumuiya ya Kikristo, walitia saini hati ya makubaliano juu ya elimu na afya. Shule zikachipua kila jimbo na kila dayosisi. Lakini zilirudi kwenye nchi nyingine. Ruzuku ya mkoloni haikuwepo, wamisionari wenye wafadhili wao walikuwa wamepungua, kwa hiyo tegemeo kuu likawa ada. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu 2022 hata cha tano na cha sita. Mzazi anayelipa mamilioni shule ya kanisa analipa akijua kwamba angeweza kutolipa. Ananunua nini? Akiulizwa atasema malezi. Akibanwa kidogo atasema divisheni wani.

Hapa ndipo sherehe inapojikanyaga. Asubuhi, kwenye misa au ibada, watoto huambiwa wao ni chumvi na nuru, huwekewa mikono, hupewa Biblia. Makundi yao ya imani, kama UKWATA na TYCS, huwa yamekwishawafanyia mahafali yao madogo majuma kadhaa kabla, na kwa mawazo yangu hayo ndiyo yenye kiini: hayana joho wala mgeni rasmi, ni wadogo kuwaombea wakubwa na kulia kidogo. Ikifika saa tano, brasibendi ikishapita na wazazi wakishatembezwa maabara kutazama kimiminika kikibadilika rangi, lugha hugeuka. Mkuu wa shule husoma taarifa: mwaka juzi wani ngapi, mwaka jana wani ngapi, ziro hakuna. Wahitimu wenyewe huahidi "one ya saba", maana pointi 7 ndizo za juu kabisa kidato cha nne, au "one ya tatu" kidato cha sita. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na sababu ilikuwa ya haki. Lakini orodha haikufa. Imehamia kwenye mabango ya getini na taarifa za mahafali.

Nisizidishe lawama. Sehemu moja ya siku hiyo huwa naipenda bila masharti, nayo ni risala ya wahitimu. Kwa miaka minne mtoto wa bweni hana mahali pa kusema hadharani lililomkera. Siku hii anapewa kipaza sauti, mbele ya askofu, mkuu wa wilaya na wazazi wote. Huanza kwa adabu, akishukuru kila mtu hadi mpishi. Kisha huja ile aya inayoanza na "pamoja na mafanikio hayo, hatukosi changamoto", na viti vya meza kuu huanza kulia. Kisima kimekauka. Bweni la pili linavuja. Basi la shule lina umri mkubwa kuliko sisi. Walimu huwa wameipitia risala na kalamu, bila shaka, lakini kuna vitu havifutiki, na msomaji mwerevu hujua mahali pa kutua. Nilisikia moja ambayo msichana alisoma neno "maji" akanyamaza, akamtazama mgeni rasmi, akahesabu kimoyomoyo, ndipo akaendelea. Harambee ya kisima ilianza palepale. Kwa mafunzo ya uraia, dakika zile zilishinda silabasi nzima.

Na baada ya hapo? Mhitimu wa Kiungani alijua kituo chake. Wa leo ana kalenda. Mtihani Novemba, matokeo Januari, kidato cha tano Julai. Katikati nyumbani, miezi saba au minane ya kungoja, ambayo wenye nacho huijaza kwa masomo ya awali ya kidato cha tano na wasio nacho huijaza kwa kuuza duka la shangazi. Wa kidato cha sita huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliosimama 1994 ukarudi 2013, kisha kuna Bodi ya Mikopo na foleni zake. Kanisa lililomlea miaka minne au sita kwa kawaida halina habari naye tena, isipokuwa akiwa tajiri na bweni likihitaji paa. Jinsi shule chache zinavyojaribu kuwafuatilia wahitimu wao ni habari ya juma lijalo.

Jioni ya mahafali magari huondoka mapema, kwa kuwa barabara ni ya vumbi na dereva hataki giza. Majoho hukusanywa, yanahesabiwa na kufungwa kwenye mafurushi, kwani ni ya kukodi na mwenyewe anayahitaji Jumamosi ijayo kwa shule nyingine. Mabaki ya keki hugombewa na kidato cha kwanza. Wahitimu huvaa tena sare zao zilizopauka, na saa moja na nusu kengele ya prepo ikilia, huchukua madaftari yao wakaingia darasani.