Matairi ya Gari la Kasi: Uliza Bei Mpaka Gari Linatoka

Kama una Altezza au Impreza hapa Singida na matairi yamebaki kipara, una njia tatu: mtumba wa Japani, jipya la bei ya kati, au jipya la michezo. Ushauri wangu ni huu: chukua la bei ya kati, na breki zikiruhusu, shuka kutoka rimu 17 hadi 16.

Mtumba huvutia macho. Kashata nene, jina kubwa, bei nusu. Piga magoti kwanza, usome tarakimu nne zinazomalizia mstari wa DOT: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Zisipoonekana upande wa nje, geuza tairi. Mpira wa umri huo umeshakauka, kashata ziwe nene namna gani. Ukiona limeandikwa STUDLESS, achana nalo kabisa. Hilo ni la theluji, mpira wake ni laini, na lami ya Manyoni saa nane mchana italimaliza upesi.

Sasa piga hesabu. Tuseme mtumba ni shilingi 90,000 na unakwenda kilomita 12,000, jipya ni 210,000 na linakwenda 40,000. Kila kilomita 1,000 mtumba unakula 7,500, jipya 5,250. Na huyo wa mtumba atarudi kwa fundi mara tatu, kila mara analipa kuvalisha na balansi.

Hapo ndipo pesa inapovuja. Saizi kama 215/45R17 si ya kila duka. Mara nyingi huagizwa Dodoma, Arusha au Dar es Salaam, na nauli ya mzigo kwenye basi ni yako. Ongeza valvu na alaimenti. Muulize muuzaji bei ya mwisho mpaka gari linatoka, na kama VAT imo ndani. Dai risiti ya EFD. Tairi likiota nundu ubavuni, utadai kwa ushahidi gani?

La michezo linashika barabara vizuri, lakini huisha mapema. Tafuta neno TREADWEAR: 200 ni mpira laini, 400 na zaidi hudumu. TEMPERATURE iwe A, kwa ajili ya joto. Namba ya uzito isishuke chini ya ile ya kiwandani.

Kuhusu rimu: ubavu wa 215/45R17 una kimo cha milimita 97 hivi, wa 205/55R16 kama 113. Ukiacha lami kwenda kijijini, hizo milimita 16 za ziada ndizo zinazookoa rimu kwenye jiwe. Ukubwa wa gurudumu hutofautiana kama asilimia 1 tu. Ila jaribisha rimu kabla ya kulipa, kwa sababu Impreza za turbo zenye breki kubwa huweza kuikataa. Rimu za zamani uza, zipunguze gharama.

Una pesa ya mawili tu? Kwenye Altezza yafunge nyuma, maana mvua ikikukuta unateremka Sekenke, mkia ndio utakaoteleza. Kwenye Impreza inayovuta kwa magurudumu yote manne, usichanganye mapya na yaliyolika. Difu ya kati inaweza kuumia, na kuitengeneza ni ghali. Subiri utimize manne, na mpaka hapo endesha taratibu.