Je, Wajua? Mavi ya Tembo Yaliyotufikisha kwa Zamadamu

Je, wajua kwamba nyayo za kale za Laetoli, kule Ngorongoro, zilianza kuonekana katikati ya mchezo wa kurushiana mavi ya tembo? Mwaka 1976 watafiti wa kambi ya Mary Leakey walikuwa wakilengana kwa mabonge makavu ya kinyesi, Andrew Hill akakwepa, akaanguka, na alipofungua macho akakuta mbele yake alama za miguu ya wanyama na vishimo vya matone ya mvua vilivyoganda kwenye majivu ya volkano. Matone ya mvua, ndugu yangu! Mvua iliyonyesha miaka milioni 3.66 iliyopita, na bado unaweza kuyahesabu.

Miaka miwili baadaye, 1978, zikapatikana zile zenyewe: nyayo za zamadamu, kama 70 hivi, zimejipanga kwenye mstari wa mita 27. Hebu ziinamie kidogo. Kisigino kimezama kwanza, kidole gumba kimeelekea mbele sambamba na wenzake, wala hakikukaa pembeni kama cha sokwe. Na hili ndilo linalonisisimua kila ninapolifikiria: mmoja wao alikuwa akikanyaga humo humo alimokanyaga mwenzake, hatua kwa hatua. Jirani na hapo kuna alama za sungura, kanga, tembo, na farasi wa kale mwenye vidole vitatu akiwa na mwanawe.

Ziliponaje? Majivu yalimwagika, mvua nyepesi ikayalowesha, viumbe wakapita, jua likayakausha yakawa magumu kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika kila kitu. Ingekuwa mvua kubwa siku ile, leo tusingekuwa na kitu.

Usiinuke, Laetoli haijaisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, walikuwa wakichimba mashimo ya majaribio kwa ajili ya jengo la makumbusho wakaangukia nyayo nyingine, mita 150 hivi kutoka zile za kwanza! Habari ilitangazwa 2016. Mwenye nyayo kubwa alikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165, wakati Lucy wa Ethiopia, yule zamadamu maarufu, alikuwa na sentimita 110 tu.

Na zile zilizosemwa ni za dubu? Naam, kulikuwa na nyayo tano za ajabu zilizoonekana 1976, na baadhi ya wataalamu wakazikataa wakidai dubu mdogo alisimama akatembea. Watafiti wakachukua zaidi ya saa 50 za video za dubu weusi wa Marekani na kuwahesabia hatua: muda waliotembea kwa miguu miwili haukufika hata asilimia 1. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba nyayo zile ni za zamadamu, tena wa aina tofauti na wale wa mstari mrefu. Aina mbili za zamadamu, eneo moja, zama moja!

Kama hilo limekushtua, vuka mpaka uende Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana. Huko nyayo za miaka milioni 1.5 zilizotangazwa 2024 zinaonyesha aina mbili za zamadamu zikipita kwenye tope lile lile la ufukweni, na zilipishana kwa saa chache au siku chache tu. Mmoja anadhaniwa kuwa Homo erectus, wa ukoo wetu. Mwingine anadhaniwa kuwa Paranthropus boisei, mwenye mataya makubwa. Je, waliwahi kutazamana usoni? Tope halisemi.

Huyo mwenye mataya makubwa unamjua, ni Zinjanthropus wetu wa Olduvai. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 Louis Leakey alikuwa amelala kambini na homa, mkewe Mary akatoka na mbwa wake, akaona kipande cha mfupa kimechungulia ardhini, na meno mawili makubwa. Fuvu lilikuwa vipande mamia kwa mamia, likaunganishwa kimoja kimoja. Na leo liko Tanzania, chini ya ulinzi wa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Louis alikisia kwamba Zinj ana miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 wanasayansi wakapima gesi ya argoni iliyonaswa kwenye majivu ya volkano ya pale pale, wakapata miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu! Historia ya binadamu ilirefuka kwa zaidi ya miaka milioni moja kwa kipimo kimoja.

Tena huyo Zinj walimbandika jina la mpasua kokwa, kwa magego yake mapana mno. Magego hayo yakapimwa kikemia, matokeo yakatoka 2011: zaidi ya robo tatu ya chakula chake ilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Kokwa hazikuwa na habari naye.

Sasa nikuulize: nani hasa aliyaona masalia haya kwa mara ya kwanza? Vitabu hutaja maprofesa, lakini macho mara nyingi yalikuwa ya wengine. Mkenya Kamoya Kimeu alianza 1960 kama mchimbaji wa kulipwa, akaja kuongoza kikosi cha watafutaji ambao waliweza kutofautisha mfupa na jiwe wakiwa wamesimama wima, juani. Agosti 1984, siku ya mapumziko, wenzake wakiwa kambini, yeye alinyoosha miguu kando ya mto mkavu wa Nariokotome na kukiona kipande cha fuvu kidogo kama kiberiti, cheusi, katikati ya kokoto nyeusi. Wakachimba. Akatoka mtoto wa kiume karibu mzima, wa miaka milioni 1.5 na zaidi! Kamoya alipewa medali Ikulu ya Marekani mwaka 1985, na nyani wawili wa kale wamepewa majina ya kisayansi kwa heshima yake. Binafsi naona jina lake lilistahili kuwa kwenye kila kitabu cha shule Afrika Mashariki.

Na mtoto huyo wa Turkana ana kitendawili chake. Meno yanasema alikufa akiwa na miaka 8 au 9. Mifupa inasema 13 hivi, na urefu wake ulishapita mita moja na nusu. Maelezo ni kwamba zamadamu hawa walikua haraka kuliko sisi. Utoto mrefu wa kulelewa na kufundishwa ulikuja baadaye.

Je, wajua kwamba nguruwe waliwahi kuamua kesi ya wataalamu? Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliokota Koobi Fora vipande vya fuvu linalojulikana kwa namba 1470. Majivu ya volkano yalipopimwa yalitoa miaka milioni 2.6, na fuvu lilikuwa chini ya majivu hayo. Lakini meno ya nguruwe wa kale waliokutwa hapo yalifanana na ya nguruwe wa bonde la Omo, Ethiopia, ambao umri wao ulijulikana kuwa karibu miaka milioni 2. Wasomi wakagombana miaka kadhaa, vipimo vikarudiwa, na mwisho nguruwe wakashinda: majivu yana miaka milioni 1.9 hivi.

Je, wajua kwamba zana za mawe za kale zaidi tunazozijua zilipatikana kwa sababu watu walipotea njia? Ilikuwa Julai 2011, magharibi ya Ziwa Turkana. Timu ya Sonia Harmand ilishika mkondo usio wenyewe wa mto mkavu, ikapanda kilima ili ione ilipo, na hapo Lomekwi ikakuta mawe yaliyogongwa kwa makusudi. Umri wake ni miaka milioni 3.3, yaani miaka 700,000 zaidi ya rekodi iliyokuwepo. Mengine yana uzito wa kilo 15! Jaribu kuinua ndoo ya maji iliyokaribia kujaa, kisha fikiria kiumbe mfupi akifanya hivyo kwa jiwe.

Shuka sasa mpaka pwani, Kilifi. Kwenye pango la Panga ya Saidi, mita tatu chini ya sakafu ya leo, alilazwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita, na hilo ndilo kaburi la kale kuliko yote ya binadamu kama sisi yaliyowahi kupatikana Afrika. Mifupa yake ilikuwa laini mno kiasi kwamba ukiigusa inageuka unga, kwa hiyo mwaka 2017 watafiti walilimwagia plasta donge lote la udongo, wakalipeleka Nairobi, kisha Hispania, wakafukua humo maabara. Tazama walichokiona. Amelala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kufika kifuani. Mabega na mbavu zimebanwa kama za mtu aliyeviringishwa kwa majani au ngozi. Kichwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kilikuwa juu ya kitu laini kilichooza, na huenda kitu hicho kilikuwa mto! Mto wa kulalia, miaka 78,000 iliyopita. Watafiti wa nchi mbalimbali walipotafuta jina la kumwita walichukua la Kiswahili, na ndilo lililoingia kwenye majarida ya dunia: Mtoto.

Unapumua? Twende kusini.

Huko Sterkfontein, Afrika Kusini, Ron Clarke alifungua mwaka 1994 sanduku la mifupa iliyodhaniwa kuwa ya wanyama, akaona humo mifupa ya mguu wa zamadamu. Baadaye akapata kipande cha mfupa wa mguu kilichovunjika, akawapa wasaidizi wake, Stephen Motsumi na Nkwane Molefe, mfano wake na taa za mkononi: ingieni pangoni, mtafute kilipokatikia. Pango kubwa, lenye giza, mwamba kila upande. Walipapata siku ya pili! Kuutoa mwili uliobaki ndani ya mwamba kulichukua takriban miaka 20, na mwaka 2017 dunia ikaonyeshwa mifupa ya zamadamu karibu kamili.

Je, wajua kwamba tai aliwahi kumla mtoto wa zamadamu? Fuvu la mtoto wa Taung, lililompa mwanasayansi Raymond Dart umaarufu mwaka 1925, lina mikwaruzo kwenye matundu ya macho inayofanana kabisa na ile ambayo tai wa leo huwaachia tumbili. Mtoto huyo alikuwa na miaka mitatu au minne tu.

Dart alipomtangaza, wakubwa wa sayansi Uingereza hawakumjali. Walikuwa na wao, wa Piltdown, aliyepatikana 1912, mwenye fuvu kubwa na taya la kinyani. Mwaka 1953 ikagundulika kwamba ni uongo mtupu! Fuvu la mtu wa juzi juzi, taya la orangutani, meno yamepigwa tupa, na yote yamepakwa rangi yaonekane ya kale. Miaka 41 wasomi waliusujudia mfupa wa bandia huku wa kweli wa Afrika wakiupita, na bado jambo hilo linaniuma.

Vingine vya haraka, shika. Sisi tuna kromosomu 46, sokwe ana 48, kwa sababu mbili za wahenga wetu ziliungana zikawa moja, na alama ya kiungo bado ipo mwilini mwako. Ubongo wako ni asilimia 2 ya uzito wako lakini unakula asilimia 20 ya nguvu zako ukiwa umepumzika. Mifupa ya Mtu wa Peking, China, ilipotea kwenye vurugu za vita mwaka 1941 na haijaonekana tena.

Na huyu binti wa Siberia? Kipande cha mfupa chenye sentimita mbili na ushee, kutoka pango la Denisova, kilipimwa vinasaba, majibu yakatolewa 2018. Mama yake alikuwa Neandathali, baba yake Mdenisova. Aina mbili za watu, binti mmoja, miaka 90,000 hivi iliyopita! Wao wametoweka, lakini Watibeti wanaoishi kwenye milima yenye hewa haba wanabeba mpaka leo kinasaba cha Wadenisova kinachowasaidia kustahimili.

Na Homo naledi, zamadamu wa pangoni Afrika Kusini? Mwaka 2013 ilibidi watafutwe wanasayansi sita, wanawake wembamba, ili wapenye kwenye ufa wa mwamba wenye sentimita 18 tu. Wakatoka na mifupa zaidi ya 1,500. Ubongo wa zamadamu hao ulikuwa mdogo sana kuliko wetu, lakini waliishi miaka 236,000 hadi 335,000 iliyopita, zama ambazo binadamu kama sisi walishaanza kuonekana. Je, walizikana kwa makusudi humo gizani? Waliochimba wanasema ndiyo, wengi wa wenzao wanasema ushahidi hautoshi.

Wa mwisho ni Toumaï. Zamani mtaalamu wa Kifaransa Yves Coppens alifundisha kwamba Bonde la Ufa lilitenganisha ukoo: magharibi wakabaki sokwe msituni, mashariki kwenye ukavu wakatokea zamadamu. Ilipendeza, na sisi wa mashariki tuliipenda zaidi. Mwaka 2001 mwanafunzi wa Chad, Ahounta Djimdoumalbaye, akaokota kwenye jangwa la Djurab fuvu la miaka milioni 7, ndiye Toumaï, kama kilomita 2,500 magharibi ya Bonde la Ufa, na Coppens mwenyewe akaachana na nadharia yake. Mwaka huo huo hapo Djurab ukaokotwa mfupa wa paja, ukakaa maabara miaka bila kutajwa, na makala mbili zilipotoka, 2020 na 2022, zikagongana: moja inasema mwenye paja lile hakuwa na mazoea ya kutembea kwa miguu miwili, nyingine inasema alitembea. Bado wanabishana.