Mlima Unaoonekana Asubuhi



Leo twataka kusema na wazee wenzetu waliohamia mji huu wa Isiolo wakiwa na mvi tayari, wengine wakiwafuata watoto, wengine wakikimbia taabu za kwao. Mzee wa namna hii hana shamba hapa wala kaburi la baba yake. Sokoni husikia Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kimeru, asiambulie neno. Basi hukaa uani akihesabu siku, na miguu yake hulegea pamoja na moyo.

Twamshauri atoke mapema, atembee polepole akielekea kusini. Ataona Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, na upande wa mashariki vilima vya Nyambene. Lakini asichelewe. Usiku hewa ya mlimani hupoa na mawingu hutawanyika. Jua likipanda, hewa yenye joto hupanda miteremko ikichukua mvuke, nao hugeuka mawingu. Kufika saa nne, mara nyingi kilele kimekwisha kufichwa. Mwenye kulala mpaka saa hiyo atasema Isiolo ni vumbi tupu!

Krapf, mmisionari aliyekuwa mgeni kuliko sisi sote, aliuona mlima huu kutoka Ukambani mwaka 1849, akaandika habari za theluji, na wataalamu wa Ulaya wakambishia. Theluji hiyo sasa imebaki kidogo sana. Hata hivyo, Mto Isiolo bado hupata maji yake kutoka huko, na anywaye hayo hakuna anayemwuliza kabila lake. Hata askari Wasomali waliopigana upande wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 walikaa hapa wakiwa wageni, na leo wajukuu wao ni wenyeji.

Zaburi ya 121 ni wimbo wa wasafiri waliopanda kwenda Yerusalemu. Wengi hudhani mwimbaji aliitegemea milima. La! Aliitazama, akauliza msaada watoka wapi, akamtaja Muumba. Basi Mungu aliyemlinda mzee kijijini kwake hakubaki nyuma kulinda boma.

Achukue fimbo, na asimpite mtu bila kumwamkia. Magoti yakikataa, na akae juu ya jiwe atazame. Wachunga mbuzi wapitao hapo watampa habari za mvua.