Gari lisilo na kijiti cha oili: jinsi ya kusoma kipimo cha umeme

WAFANYABIASHARA wengi wa nyanya, vitunguu na ndizi wanaozunguka Mlima Meru wamezoea kupima oili kwa njia moja. Asubuhi boneti inafunguliwa, kijiti kinachomolewa, kinafutwa kwa kitambaa, kinarudishwa na kuchomolewa tena. Oili ikionekana kati ya alama mbili, safari ya Ngarenanyuki au ya soko la Tengeru inaanza.

Hata hivyo, yapo magari ambayo kijiti hicho hakipo kabisa. BMW nyingi zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000, baadhi ya Mercedes-Benz na Audi, na Land Rover Discovery 4 ya dizeli ya lita 3.0 hupima oili kwa umeme na kuonyesha kiasi kwenye kioo cha dashibodi. Gari la namna hii likishapungua bei hununuliwa na mtu wa mtaji wa kati, ambaye injini ikinoki na biashara yake inasimama hapo hapo.

Kipimo chenyewe, ambacho mafundi hukiita sensa, hukaa chini kwenye sampu. Ziko aina mbili zinazotumika sana. Ya kwanza hupasha joto waya mwembamba kisha hupima unachukua muda gani kupoa; waya uliozama sana kwenye oili hupoa haraka kuliko ulio hewani. Ya pili hutuma mlio usiosikika na sikio la binadamu kutoka chini ya sampu hadi juu ya oili, na kuhesabu muda wa kurudi kwake. Kwa hiyo sensa haioni oili yote iliyomo ndani ya injini. Inaona kina cha oili mahali pale ilipofungwa tu.

Hapo ndipo jiografia yetu inapoleta taabu. Gari lililoegeshwa kwenye mteremko wa Ilboru au Sambasha huwa na oili iliyokimbilia upande mmoja wa sampu. Kioo kinaweza kusema imepungua wakati ipo ya kutosha, au kikasema imejaa wakati imepungua. Ukitaka jibu la kuaminika, tafuta mahali tambarare kweli kweli, kwa mfano sakafu ya kituo cha mafuta.

Joto nalo lina maana. Magari mengi ya aina hii hayatoi jibu mpaka injini ifikie joto lake la kazi. BMW nyingi hupima injini ikiwa inanguruma gari limesimama, na unasubiri dakika kadhaa. Discovery 4 ni kinyume chake: injini ikishapata moto unaizima, unaiacha kama dakika kumi oili ishuke, kisha unafungua swichi bila kuwasha na kusoma. Asiyejua gari lake ni la kundi gani atasoma uongo kila siku. Kitabu cha gari ndicho chenye jibu, ila magari mengi hufika hapa bila kitabu, au yametoka Japan na kioo chake kinaandika Kijapani. Mwombe fundi wa umeme aulizie kama lugha inaweza kubadilishwa, maana onyo usiloweza kulisoma halina faida.

Ukiongeza, usimimine galoni zima. Katika BMW nyingi tofauti ya alama ya chini na ya juu ni kama lita 1 tu. Mimina nusu lita, endesha kidogo, pima tena. Oili ikizidi, kranki huipiga ikatoa povu, na povu halibebi uzito wa beringi. Sili nazo huanza kuvuja. Ninaona wengi wanaogopa upungufu peke yake.

Mazda CX-5 ya dizeli, ambayo bado ina kijiti, inaonyesha hatari hiyo vizuri. Gari hilo lina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo hujisafisha kwa kuchoma dizeli ya ziada. Safari zikiwa fupi fupi, tuseme Sakina hadi soko la Kilombero na kurudi, usafishaji haumaliziki na dizeli inachuruzika kuingia kwenye oili. Oili inapanda badala ya kushuka, huku ikiwa nyepesi. Ndiyo maana kijiti chake kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Ikifika hapo, mwaga oili yote uweke mpya.

Jambo jingine linalochanganya watu ni taa. Taa nyekundu ya kopo la oili haipimi kiasi, inapima presha. Ikiwaka gari likiwa barabarani, zima injini mara moja, hata kama umebeba matenga ya nyanya na mnada unakungoja. Ile ya manjano kwa kawaida ndiyo ya kiasi, na inakupa nafasi ya kufika kwenye oili. Asilimia zinazoonekana kwenye baadhi ya magari ni umri wa oili uliobaki. Gari linaweza kuandika asilimia 60 huku sampu ikikaribia kukauka.

Sensa ikifa, baadhi ya Mercedes-Benz zina bomba lenye kifuniko ambalo fundi huingiza kijiti maalumu cha gereji. Pasipo bomba hilo, njia ya hakika ni kumwaga oili yote ikiwa ya moto, kuipima kwa chombo chenye alama za lita, na kulinganisha na kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Andika kwenye daftari la mauzo kilomita na lita ulizoongeza kila mara. Injini inayoanza kula oili itaonekana humo hata kama kioo kimekaa kimya.