Somo la Biolojia na Amana ya Daftari



Ndugu wasomaji, wengi wetu hapa Uingereza tunapokwenda shuleni kukutana na walimu huanza kuulizia hesabu na Kiingereza, na biolojia tukaiacha mwisho, pengine kwa kuwa istilahi zake ni ngeni kwetu, pengine kwa khofu kwamba ni somo litakalomyumbisha mtoto katika itikadi yake. Nasi tulikuwa hivyo hivyo, mpaka jioni moja mwalimu alipotufungulia daftari la kijana wetu, akatuonyesha tarakimu moja iliyofutwa na kuandikwa upya.

Jaribio lilikuwa la viazi. Ni miongoni mwa yale yanayotakiwa katika masomo ya GCSE, na kila mwenye mtoto wa miaka 14 hadi 16 huenda akalisikia likitajwa nyumbani. Mwanafunzi hukata vipande vya kiazi vilivyo sawa kwa urefu na unene, akavipima uzito kimoja kimoja, kisha akavitia katika vikombe vyenye maji ya sukari, kuanzia maji matupu hadi maji yaliyokolea sana. Baada ya muda huvitoa, akavipangusa, akavipima tena. Kipande cha maji matupu huongezeka uzito, kwa sababu maji huingia katika seli za kiazi kupitia utando wake mwembamba. Kile cha sukari iliyokolea hupungua, kwa sababu maji hutoka. Mwendo huo wa maji huitwa osmosisi. Bibi zetu waliotia chumvi ndimu na maembe ya achari, wakaona maji yanajichuruza yenyewe chini ya chupa, waliujua mwendo huo bila ya kulijua jina lake.

Kijana wetu aliyajua hayo yote kwa moyo. Lakini kipande chake cha nne, ambacho kwa mujibu wa kitabu kilipaswa kupungua, kiliongezeka kidogo. Basi akaigeuza alama ya kujumlisha ikawa ya kutoa, na jedwali lake likapendeza. Bahati mbaya alikuwa amefanya kazi pamoja na mwenziwe wa meza moja, na daftari la yule mwenziwe lilikuwa na tarakimu ya asili.

Mwalimu hakughadhibika. Alisema kwa upole kwamba huenda kipande kile hakikupanguswa vizuri, maji yaliyokigandama nje yakapimwa pamoja nacho, na kwamba lau kijana angeliandika alichokiona, kisha akataja sababu hiyo, angepata alama zake zote. Alama alizozikosa ni zile alizojaribu kuzipata kwa kufuta.

Njiani tukamwuliza kwa nini alifanya vile. Akajibu, "Baba, kwani si jibu sahihi ndilo wanalolitaka?" Hatukuwa na la kumwambia mara moja, kwani ndivyo sisi wenyewe tulivyosoma. Baadhi yetu tulipitia shule ambazo maabara yake ilikuwa kabati moja lililofungwa kwa kufuli. Mwalimu aliandika jaribio ubaoni pamoja na matokeo yake, nasi tukanakili, na siku ya mtihani tukayarudisha kama tulivyoyapokea. Hatuwalaumu walimu wetu hao, walifundisha kwa walichokuwa nacho. Lakini tulitoka pale tukidhani kwamba jaribio ni hadithi ambayo mwisho wake unajulikana.

Baada ya kulitafakari jambo hili ndipo tulipopata la kumwambia, na tulilitoa chuoni alikohitimishwa. Mtoto anayehifadhi Qur'ani hana ruhusa ya kubadili hata herufi moja ya alichopokea kwa mwalimu wake, japo ulimi wake unaona uzito. Katika maabara hana ruhusa ya kubadili hata tarakimu moja ya alichokiona kwa macho yake, japo kitabu kinasema vingine. Daftari la majaribio ni ushahidi, na mwenye kuandika humo ni shahidi. Hilo alilifahamu upesi kuliko maelezo yote ya osmosisi.

Tueleze kidogo kwa manufaa ya wazazi ambao hawakubahatika kulisoma somo hili. Njia ya kisayansi huanza na swali, kisha mtafiti hutoa dhana, yaani jibu la kukisia linaloweza kujaribiwa na likaonekana kuwa kweli au si kweli. Halafu hubadilisha kitu kimoja tu, na vyote vinginevyo huviacha sawa, ili tofauti ikitokea ijulikane imeletwa na nini. Hurudia jaribio zaidi ya mara moja, kwani mara moja huweza kuwa bahati. Huandika kila kitu. Mwisho huamua kama dhana imesimama au imeanguka, na kuanguka kwake si aibu kwake.

Mfano ulio bora kwa watoto, kwa maoni yetu, ni wa tabibu wa Kitaliano Francesco Redi, mwaka 1668. Watu wa zama zake waliamini kwamba funza huzaliwa na nyama yenyewe inapooza. Redi alitia nyama katika vyombo kadhaa. Vingine aliviacha wazi, vingine akaviziba kabisa, na vingine akavifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa lakini hakipitishi nzi. Nyama iliyo wazi ilifanya funza. Iliyofunikwa iliharibika, lakini haikufanya. Hapo watoto wetu hucheka, kwa kuwa wanalijua kawa la bibi linalofunikia sahani ya samaki. Hata hivyo, bibi alifunika vyote ili vyote visalimike, na Redi aliacha vingine wazi kwa makusudi ili apate kulinganisha. Vyombo vile viwili vikiwekwa ubavuni pa kimoja ndipo swali lilipopata jibu, na mwanafunzi asiyeeleza alilinganisha nini na nini hupoteza alama kila mwaka.

Wako wanaosema kwamba mwenendo huu wa kujaribu na kushuku haulingani na dini. Tunawakumbusha habari ya mitende ya Madina, iliyopokewa katika Sahihi Muslim. Mtende una dume na jike mbali mbali, na wakulima hupanda juu kulitia jike ungaungaa wa dume ili lizae. Mtume (S.A.W.) alipowaona akakisia kwamba jambo hilo halitawafaa, nao wakaliacha, na mavuno yakapungua. Alipoarifiwa, alieleza kwamba lile lilikuwa dhana yake tu katika jambo la kidunia, na kwamba likiwafaa waendelee nalo. Upandishaji huo wa mbegu kwa mkono bado hufanywa Oman na kwingineko, na kijana anayejifunza uchavushaji wa maua shuleni amekwisha kuusikia msikitini.

Ama suala la mageuko ya viumbe, ambalo Charles Darwin alilichapishia kitabu mwaka 1859, tunajua kwamba familia zetu na wanazuoni wetu wana kauli mbalimbali, na jarida hili si mahali pa kuzihukumu. Tunasema mambo mawili tu. La kwanza, katika sayansi neno nadharia halina maana ya kubahatisha. Ni maelezo yaliyokusanya ushahidi mwingi, na mtihani humtaka mwanafunzi aueleze ushahidi huo, kama vile visukuku na bakteria wanaozoea dawa, wala haumwulizi itikadi yake. La pili, sheria ya England humpa mzazi nafasi ya kumwondoa mtoto katika somo la dini na katika sehemu ya elimu ya jinsia, lakini si katika sayansi. Mtoto aliyelielewa somo ndiye atakayeweza kuuliza maswali ya maana kwa ustadhi wake. Aliyekatazwa kulisikiliza atakuwa na khofu tu.

Shule nyingine hupasua moyo wa mnyama ili watoto waone vyumba vyake vinne, na pengine huwa ni wa nguruwe. Mzazi aseme na mwalimu mapema, aombe wa kondoo. Ombi hili ni jepesi, na kunyamaza hadi siku yenyewe ndiko kunakoleta fadhaa. Na mtoto akiisoma njia ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi, aambiwe kwamba Ibn al-Nafis, tabibu aliyefariki Cairo mwaka 1288, aliieleza njia hiyo kinyume cha alivyofundisha Galen, ingawa Galen alikuwa ametukuzwa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Katika mitihani ya GCSE ya sayansi, maswali yanayohusu majaribio hayapungui asilimia 15 ya alama. Kwa hiyo mzazi asiyejua Kiingereza kingi bado ana la kumsaidia mwanawe, maadamu ana jiko.

Siku ya Jumamosi tulikirudia kiazi nyumbani. Mizani yetu ya jikoni haioni chini ya gramu moja, kwa hiyo tulikata vipande vikubwa vya gramu 50, vitatu katika bakuli la maji matupu na vitatu katika maji ya chumvi iliyokolea, tukaviacha usiku kucha. Asubuhi vile vya maji matupu vilikuwa vigumu, vyenye gramu 53 au 54. Katika chumvi, viwili vililegea vikashuka hadi 44, na kimoja kikagoma kwenye 48. Kijana alitutazama, penseli mkononi. Hatukusema neno. Akakigeuza kipande kile, akakichunguza, kisha akaandika 48, na pembeni yake: kipande hiki kilibaki na ganda upande mmoja.

Vya maji matupu mama yake alivikaanga. Vya chumvi hakuna aliyevitaka.