Daftari la Msomaji: Kumbukumbu ya Riwaya Zisomwazo kwa Kujiburudisha

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini inamhusu pia msomaji wa riwaya. Katika vyuo vikuu riwaya husomwa kwa njia mbili. Kuna riwaya ya somo, ambayo mwanafunzi huisoma akiwa na kalamu mkononi kwa sababu mtihani unamngoja. Kuna pia riwaya ya kujiburudisha, isomwayo jioni baada ya kazi, bila swali wala alama. Ya kwanza huacha maandishi: muhtasari, insha, hata tasnifu. Ya pili mara nyingi haiachi kitu. Mwaka ukipita, msomaji hukumbuka jina la mhusika mmoja na pengine rangi ya jalada. Mengine yote yamekwisha kumtoka. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuweka kumbukumbu ya riwaya za aina hiyo ya pili, na faida ya kufanya hivyo.

Faida hiyo huonekana zaidi mahali ambapo kitabu ni cha kuazimwa. Riwaya nyingi za Kiswahili zimechapishwa Dar es Salaam na Nairobi. Kwa msomaji wa Lubumbashi au Bukavu, nakala huweza kufika kwa mkono wa msafiri, kisha ikapita kwa rafiki, na kwa rafiki wa rafiki, hadi mwenyewe atakapoitaka. Aliye na rafu iliyojaa anaweza kusahau na kurudia kitabu kesho. Aliyeazima hana kesho hiyo. Kitabu kikirudi kwa mwenyewe, kilichobaki kwake ni kile tu alichokiandika.

Historia inao mfano mkubwa wa jambo hili. Katika karne ya 9 Photius, msomi wa Constantinople aliyekuja kuwa Patriarki wa mji huo, aliandika maelezo ya vitabu vipatavyo 280 alivyokuwa amevisoma, ili kumfaa ndugu yake Tarasius. Baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa hadithi ndefu za mapenzi na safari za ajabu zilizotungwa kwa Kiyunani. Hadithi mbili miongoni mwake, moja ya Iamblichus na nyingine ya Antonius Diogenes, hazikutufikia kamili. Yamesalia mabaki machache tu, na mtiririko wa visa vyake unajulikana hasa kwa muhtasari wa Photius. Nakala zilipotea, maelezo ya msomaji yakabaki.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyejiandikia mwenyewe. Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, tangu 1838 hadi 1860 aliweka madaftari yenye orodha mbili: vitabu alivyotaka kusoma na vitabu alivyokwisha kusoma. Alijiandikia pia kama kitabu alikisoma kweli au alikipitia juu juu. Mtu huyo wa sayansi alikiri katika tawasifu yake kwamba riwaya, hata zisizo bora sana, zilimpa faraja kubwa, naye alipendelea zile zenye mwisho mwema. Basi kujiburudisha kwa hadithi si jambo la kumwonea mtu haya.

Daftari lenyewe halihitaji gharama. Daftari la kawaida la shule latosha, na kila riwaya ipewe ukurasa mmoja. Juu ya ukurasa huandikwa jina la mtungaji, jina la kitabu, mchapishaji, mahali na mwaka. Mwaka huo una maana kuliko idhaniwavyo. Kufikirika ya Shaaban Robert ilichapishwa 1967, miaka mitano baada ya kifo cha mtungaji. Asiyejua hilo aweza kudhani ni kazi ya mtu aliyeuona uhuru ukikua. Baada ya hapo huandikwa tarehe ya kuanza na ya kumaliza kusoma, na jina la mwenye nakala, ili deni la kitabu lisisahaulike.

Sehemu ya pili ya ukurasa ni maoni. Sentensi tatu au nne zatosha: kisa ni nini, ni mahali gani palipomgusa msomaji, na ni kitu gani hakukikubali. Hapa Photius anafundisha jambo moja zaidi: aliweza kuusifu mtindo wa mtungaji huku akiyalaumu yaliyosimuliwa. Msomaji naye atenganishe lugha na maudhui katika hukumu yake. Maoni ya zamani yasifutwe. Aliyesoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, akiwa kijana, kisha akairudia akiwa mzazi wa binti, ataandika ukurasa mpya. Na katika kurasa hizo mbili ataona jinsi yeye mwenyewe alivyobadilika, maana kitabu ni kile kile.

Sehemu ya tatu ni ya maneno, nayo inamfaa hasa msomaji wa Kongo. Aliyezoea nyumbani kusema mayi na batoto akifungua Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979 na inayosimulia maisha ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, atakutana na msamiati wa bahari na bandari asioutumia kila siku. Akiandika maneno matano tu kwa kila riwaya, baada ya riwaya ishirini atakuwa na maneno mia moja, kila moja likiwa na mahali lilipotoka. Vivyo hivyo, anayesoma kwa Kifaransa riwaya za Mudimbe, kama Entre les eaux ya 1973, anaweza kuandika maoni yake kwa Kiswahili. Hapo ndipo Kiswahili chake hupata mazoezi ya uhakiki.

Hata hivyo kuna hatari moja. Daftari likigeuka hesabu ya mashindano, raha huondoka na mtihani hurudi kwa mlango wa nyuma. Riwaya isiyopendeza yaweza kuachwa katikati, mradi iandikwe kwamba iliachwa, na katika ukurasa wa ngapi. Siku isiyo na nguvu ya kuandika, jina na tarehe vyatosha.

Kwa kumalizia, ikumbukwe kwamba wauzaji huhesabu nakala zilizonunuliwa, na maktaba huhesabu zilizoazimwa kwao. Nakala moja iliyosomwa na watu kumi, ikipita nyumba hadi nyumba, haimo katika hesabu hizo zaidi ya mara moja. Wasomaji hao kumi wataonekana tu ikiwa kila mmoja wao ameandika kwamba alisoma, na alionaje.