Mkono wa Mpambaji ni Amana

Katika nyumba zetu za pwani, tangu Lamu hadi Vanga, upambaji wa bibi harusi haukuhesabiwa kuwa kazi ya mchezo. Mwanamke aliyesinga kwa singo, akapaka liwa na kuchora hina, alikuwa mtu wa kuaminiwa, kwani aliingia chumba cha ndani na kuugusa mwili wa mwana wa watu. Ajabu ni kwamba leo, binti anaposema ataka kusomea urembo, baadhi yetu wazazi tunanuna na kuiita kazi ya walioshindwa na masomo.

Mabinti wenye shauku hiyo hawako pwani tu. Tumchukue yule aliyemaliza shule huko Magunga, mji wa soko ulioko Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay. Huko hakuna hoteli za watalii kama za Diani, na wateja ni wale wale wanaoonana sokoni. Je, fani hii itamlisha? Twaamini itamlisha, iwapo ataiingia kwa mlango wake.

Mlango huo ni mafunzo. Sheria ya mwaka 2013 inataka kila chuo cha ufundi kisajiliwe na mamlaka ya TVETA. Basi mzazi na aulizie usajili kabla ya kutoa karo. Aliyejifunza saluni chini ya fundi mkongwe naye hakuachwa nje. Mamlaka ya NITA huwapima mafundi kwa madaraja matatu, kuanzia la tatu hadi la kwanza, kwa maswali na kwa vitendo. Kwa njia hiyo, ujuzi wa mkono hupata cheti kinachotambulika nchini kote.

Humo mafunzoni binti hajifunzi rangi za kucha peke yake. Hujifunza jinsi ngozi ilivyoumbwa, jinsi ya kuua viini katika vifaa, na namna ya kutambua ugonjwa wa ngozi ili amwelekeze mteja hospitalini badala ya kuupaka mafuta.

Elimu hiyo ina siku yake ya kujaribiwa. Mteja atakuja na haraka, atake hina nyeusi ti. Hina halisi ya majani hutoa rangi ya machungwa, kisha hukolea kuwa hudhurungi baada ya siku moja au mbili. Weusi wa papo hapo aghalabu hutokana na piko, rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Kemikali hiyo ikipakwa juu ya ngozi yaweza kuleta malengelenge na makovu, na aliyedhurika huenda asiweze tena kutumia rangi ya nywele maishani mwake.

Mwingine ataomba krimu ya kung'arisha uso. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu mwaka 1998, lakini bado vyapenya madukani. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zebaki ya krimu hizo huharibu figo.

Hapo ndipo penye mtihani mgumu. Kodi ya chumba inadaiwa, pesa ziko mkononi mwa mteja, na fundi wa jirani hatakataa. Akikataa yeye, siku hiyo atalala na mfuko mtupu. Akikubali, na uso wa mtu ukaharibika, Magunga si Mombasa; habari itafika soko zima kabla ya jua kutua. Katika mji mdogo, jina jema ndilo mtaji usioweza kukopwa.

Kwa hiyo twawashauri mabinti: anzeni na vifaa vichache vilivyo safi, andikeni mapato na matumizi kila siku, na jaribuni rangi ya nywele kwa tone dogo nyuma ya sikio saa 48 kabla ya kuipaka. Tengeni chumba chenye pazia, kwani wapo wanawake wengi watakaokuja kwa ajili ya stara hiyo.

Nanyi wazazi, msimuonee haya mwana aliyechagua kazi hii. Mpeni karo, na pamoja na karo mpeni moyo wa kusema hapana. Anayekabidhiwa uso wa mtu amekabidhiwa amana, na amana hurudishwa salama kwa mwenyewe.